Programu ya kolaji iliyomkata bibi yangu ulimi

Nyota moja. Na hiyo moja nimeitoa kwa sababu hakuna pa kuweka sifuri.

Nilikuwa natengeneza kolaji ya marehemu bibi yangu, ichapishwe kubwa, itundikwe ukumbini siku ya Idi tukikutana ukoo mzima kwetu Ng'ambo, Unguja. Kazi yote kwenye simu, siku mbili tatu. Nyuma niliweka mlango wa Mji Mkongwe na misumari yake ya shaba. Pembeni Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, maana bibi alikuwa akituhadithia safari yake ya kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928 kana kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza bandarini. Chini maua ya asumini na vilua. Katikati ndipo penye mambo: bibi na shoga zake watano uani, wamepiga sare siku ya harusi, na jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, linaonekana kwa wote sita. HASIDI HANA SABABU.

Picha yenyewe ya zamani, rangi zimekwajuka. Programu ikanitolea kitufe: Boresha. Nikabonyeza. Nyuso zikang'aa, nikamwona bibi kama aliyetoka kuoga sasa hivi, machozi yakanilenga. Sikutazama chini. Nikairusha kwenye grupu la familia.

Mashaallah zikamiminika. Kisha shangazi akatuma sauti: "Mwanangu, hizo kanga ulizomvisha bibi yako za nchi gani? Nimevaa miwani, nimevua, sisomi kitu."

Nikaivuta picha. Kwa bibi kumeandikwa HASIOI HAMA SADADU. Kwa shoga yake wa kulia hata herufi hakuna, ni mikwaruzo kama kuku kapita.

Jamani. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukiondoa jina umebaki na kitambaa cha meza! Na sare ile haikuchaguliwa kwa rangi. Kulikuwa na jirani mmoja aliyeitia ila harusi, akapita akisema maneno. Wanawake sita wakaenda dukani wakanunua doti sita za jina moja, wakapita mlangoni pake mara mbili. Mara ya pili hawakuwa na safari yoyote. Hawakumwambia hata neno. Hiyo ndiyo raha ya kanga, umesema na hujasema. Sasa kitufe kimekuja kufuta walichosema, kikawaachia nguo tu.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaeleza kwa adabu (wakati huo nilikuwa bado nayo). Jibu likaja kwa Kiswahili cha kukorogwa na mashine: "Mpendwa mtumiaji, mifumo ya mapambo juu ya nguo inaweza kubadilika wakati wa uboreshaji. Tunafurahi kwa uelewa wako." Mapambo! Uelewa wangu nani kawapa?

Na kwa kuwa nimeshakasirika, ngoja nimalize. Ingia kwenye violezo vyao, tafuta "Swahili". Utaletewa simba, mbuyu na jua linazama. Unguja nzima, sisi na simba wapi na wapi? Halafu kuna "futa madoa", nayo ikamfuta bibi piko, ile rangi nyeusi ya urembo, la vidoleni, ikidhani ni uchafu.

Ila nisiwe dhalimu. Kukata picha inakata. Kile kikuba, kishada cha maua na majani, alichochomeka bibi kifuani imekizungukia jani kwa jani, kazi ambayo kijana wa steshenari mtaani kwetu angeitolea jasho mchana kutwa na bado angekata na shingo. Na ukiiacha picha kama ilivyo, bila kuboresha, jina linabaki. Basi nyota mbili. Nilishafika tatu, nikaona wamenikata tena pesa ya mwezi bila kuniuliza, nikarudi moja.

Nikaipanga upya kolaji yote. Picha imechuja, ndiyo, lakini HASIDI HANA SABABU inasomeka hata kwa asiye na miwani. Nikamtumia shangazi peke yake, nikakaa kungoja sifa.

Akanipigia, sauti ya chini kama mtu aliyejifungia chooni. "We mtoto, umesahau yule jirani mjukuu wake ndiye aliyeolewa na kaka yako? Idi wanakuja wote, na mama mtu, na makhaloo. Unataka tule pilau au tule matusi?"

Nikamwuliza sasa nifanyeje.

"Chapisha ile isiyosomeka."

Imeshachapishwa, iko ukumbini, na SADADU yake katikati. Nyota nimeweka tatu. Shangazi angeweka tano.