Uzoefu wangu: matembezi ya sehemu za mauaji ya kihistoria hapa tao Nairobi

Kama unaishi Nairobi na hujawahi kufanya haya matembezi ya kuonyeshwa pale watu waliuawa hapa tao, tafuta siku uende. Nasema hivo kama mtu anayepita Moi Avenue karibu kila siku kufuata mat (matatu), na bado nilionyeshwa mahali nimekanyaga miaka yote bila kujua palitokea nini. Kampuni sitaitaja, iko na mazuri yake na iko na mambo nitalalamikia huko mbele. Mnakuwa kikundi kidogo, mnakutana asubuhi Harry Thuku Road karibu na hoteli ya Norfolk, mnatembea kwa mguu mpaka kona ya Haile Selassie Avenue, inakula asubuhi yote.

Pale Norfolk ndio inaanzia na kwangu hiyo stori peke yake ilirudisha pesa yangu. Machi 1922 serikali ya mkoloni ilimshika Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika waliopinga ukoloni, ikamfungia kituo cha polisi kilichokuwa upande huo wa Chuo Kikuu, watu wakajaa nje wakidai aachiliwe. Tarehe 16 baadhi ya viongozi walikuwa washaanza kuambia watu warudi nyumbani, hapo ndio Mary Muthoni Nyanjiru akasimama, akainua nguo yake juu, akawaambia wanaume wachukue rinda lake wampe suruali zao. Kwa Wakikuyu mama akikuvulia nguo hiyo ni laana, sio mchezo. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua, na walowezi waliokuwa wanakunywa barazani kwa hoteli nao wakapiga risasi. Nyanjiru alikuwa kati ya wa kwanza kufa. Serikali ilisema waliokufa ni 21, kuna waliohesabu maiti wakasema 56. Sasa simama hapo leo, magari ya wageni yanaingia hotelini, wanafunzi wanapita na mabegi, barabara imepewa jina la Thuku na hiyo ni haki kabisa, lakini jina la Nyanjiru nililitafuta kwa macho pande zote sikuliona. Iliniuma sana. Kijana aliyetuongoza aliielezea polepole, akatuonyesha umati ulikuwa wapi na baraza iko wapi, ukiona huo umbali kwa macho yako unaelewa kwamba hao watu hawakupigwa na mtu wa mbali.

Kutoka hapo mnafuata Uhuru Highway mpaka Nyayo House, na hapa ndio walilegea. Mnasimama nje dakika chache tu mnaambiwa chini ya ardhi kulikuwa na seli, miaka ya 80 wakaletwa watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kikundi cha siri kilichopinga serikali ya Rais Moi, wakafungiwa ndani ya maji, wakapulizwa hewa ya moto alafu ya baridi, wakanyimwa chakula mpaka wakubali makosa. Seli zilifunguliwa watu wazione 2003 baada ya Moi kutoka madarakani. Sasa mahali kama hapo unapita juujuu kweli? Nyayo House ndio tunaenda kutafuta pasipoti, mimi mwenyewe nimepanga hiyo laini nikiwa na fomu mkononi na watu waliteswa chini ya hiyo sakafu, na wengine wao bado wako hai na wameenda kortini wakapewa fidia. Mzee mmoja kwa kikundi chetu aliuliza swali kuhusu hizo kesi akaambiwa tunachelewa, twendeni. Hiyo sikuipenda hata kidogo. Kama muda ni mchache si waanze mapema.

Kenyatta Avenue tulipita mbio, alafu Moi Avenue, na hapo kijana akarudi kwa ubora wake. Akatusimamisha katikati ya watu akasema, hapa. Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, saa saba mchana hivi, hii barabara ikiitwa Government Road. Tom Mboya, Waziri wa Mipango ya Uchumi, miaka 38, ameacha gari kando ya barabara anaingia Chhani's Pharmacy kununua mafuta ya kujipaka. Kabla ya kuingia alikutana na Barack Obama Senior, baba ya yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, Obama akamtania kwamba gari ameliacha kwa mstari wa njano atapigwa faini, wakacheka wakaachana. Kutoka nje ya duka tu, risasi. Alifikishwa hospitali ashakata roho. Obama baadaye akaenda kortini kutoa ushahidi. Aliyehukumiwa ni Nahashon Njenga Njoroge, akanyongwa mwaka huo huo, na alipokamatwa inasemekana aliuliza mbona wanamwandama yeye na sio yule mkubwa. Huyo mkubwa mpaka leo hakuna korti imemtaja. Siku tatu baadaye kwa misa ya Mboya pale kanisa la Holy Family watu waliokuwa nje walirushia gari la Rais Jomo Kenyatta mawe, na kabla ya mwaka kuisha kukawa na mauaji ya Kisumu na KPU, chama cha upinzani cha Oginga Odinga, ikapigwa marufuku. Yaani nchi ilipinda hapo kwa mlango wa duka la dawa.

Na mlango wenyewe ukiuona leo huwezi shuku kitu. Jina la Chhani halipo tena, spika ya promosheni inapiga kelele, watu wanakusukuma wanawahi stej. Jamaa mmoja anauza soksi chini kwa gunia, akalivuta kidogo ndio tupate pa kusimama, akauliza, "Kwani hapa kuna nini?" Kijana akamjibu, "Mboya alipigwa risasi hapa, brathe." Akaangalia chini alafu akaangalia ule upande wa sanamu ya Mboya. "Hapa? Mimi nilijua ni pale." Hayo ndio maneno niliyobeba siku yote. Sanamu iko mita kama 20 kutoka hapo, ilizinduliwa Oktoba 2011, iko na wale ndege aina ya flamingo, ni nzuri na watu wanapigia picha na wanangojeana hapo. Lakini sanamu inakuambia tu kulikuwa na mtu mkubwa anaitwa Mboya, haikuambii alianguka wapi, na mimi naona hizo ni habari mbili tofauti na zote tunazihitaji. Kibao kidogo tu kwa ile sakafu, jina na tarehe, kitazuia nini?

Hapo hapo kwa mlango mpiga picha wao akataka tujipange tutabasamu picha ya kikundi. Nilikataa, na wengine pia wakakataa, nikamwambia apige akiwa kwa sanamu kama lazima apige. Kampuni ikisoma hii, tafadhali hiyo tabia muiache. Huyo ni baba ya watu, kuna watoto wake walio hai.

Hilton ni hatua chache tu, ule mnara wa mviringo kila mtu anaujua, hoteli yenyewe ilifunga mwisho wa 2022. Machi 2, 1975 J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionekana hapo akiondoka na Ben Gethi, mkuu wa GSU (kile kikosi maalum cha polisi), na hakuonekana tena akiwa hai, maiti yake ikapatikana huko Ngong. Siku moja kabla, bomu lilikuwa limelipuka kwa basi pale stendi ya OTC likaua watu 27. J.M. ndiye aliyesema hataki Kenya ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Bunge liliunda kamati chini ya Elijah Mwangale, majina yakatajwa, hakuna aliyefungwa kwa kumuua. Kijana aliisimulia vizuri lakini hapo kelele za magari zilimshinda, wampe hata kispika kidogo cha kubeba.

Mnamalizia 7 August Memorial Park, palipokuwa na ubalozi wa Marekani. Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 saa nne na nusu kupita, bomu likalipuka, watu 213 wakafa hapa Nairobi na siku hiyo hiyo Dar es Salaam wakafa 11. Tulikuwa na mama mmoja kwa kikundi aliyekuwa anafanya kazi Co-operative House, jengo la jirani, wakati huo, kijana akamwambia kwa heshima, "Mama, ukiwa sawa tuambie, ukiona ni nzito usijali." Akaongea. Alisema kishindo cha kwanza kilikuwa kidogo, watu wakakimbilia madirisha kuona ni nini, alafu ndio ile kubwa ikaja na vioo vyote, ndio maana wengi walipoteza macho. Yeye alikuwa ameinama anatafuta faili. Ufundi House ilikuwa hapo kando, ikaanguka yote. Alienda kwa ukuta wa majina akaweka kidole kwa jina moja, alafu lingine, na sisi tukampa nafasi yake. Hapo ndio niliona tofauti na kule kwingine kote tulikopita, huyu mama alikuwa na mahali pa kuweka kidole.

Kwa ujumla nawapa nne kwa tano, na ile moja niliyokata ni ya Nyayo House na ile picha. Bei si mbaya, watoto wadogo usiende nao, ila wa sekondari nenda nao kabisa juu hii haifundishwi hivi darasani. Vaa viatu vya kutembea, simu weka ndani ya nguo ukifika Moi Avenue, na ukiweza chagua Jumapili asubuhi tao ikiwa imetulia.

Alafu kitu kimoja cha mwisho kwa kampuni. Pio Gama Pinto, mwanasiasa na mwandishi wa habari, ndiye wa kwanza kuuawa kisiasa baada ya uhuru, Februari 24, 1965, akiwa kwa gari langoni kwake Westlands na mtoto wake mdogo nyuma. Mumemwacha nje mkasema ni mbali. Si mbali, ni mat moja. Kodini gari mtupeleke, ongezeni bei hata kidogo, mimi nitalipa na najua wengi kwa kile kikundi watalipa.