Vitatange wa tangi la matumbawe: nilivyohudumiwa na mvuvi wa samaki wa mapambo, Mombasa

Nyota nne kati ya tano. Iliyokatwa ni ya majina: kwa muuzaji kila samaki wa jamii hii (butterflyfish kwa Kiingereza) ni "kitatange" tu, awe mla planktoni, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, au mla matumbawe. Mnunuzi ndiye ajue anachotaka.

Niliagiza vitatange watatu wa aina ya Heniochus diphreutes. Walikuja wawili, na wa tatu akawa Heniochus acuminatus. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni: diphreutes ana 12, acuminatus 11. Kama samaki hatulii, tazama pezi la chini karibu na mkia. La diphreutes lina ncha, la acuminatus limeviringika. Diphreutes hula vinavyoelea majini na kuyaacha matumbawe. Acuminatus akizoea tangi huanza kudonoa.

Bora kuliko wote kwangu ni Hemitaurichthys zoster, naye ni mla planktoni, awekwe na wenzake kuanzia watatu, tangi lisipungue lita 500. Yule wa njano mwenye mdomo mrefu, Forcipiger flavissimus, anafaa ukikubali kupoteza minyoo ya mirija. Chaetodon auriga ni mharibifu wa matumbawe. Ndugu zake, Chaetodon trifasciatus na Chaetodon meyeri, usiwaguse hata wakitolewa bure: chakula chao ni matumbawe hai, wakikosa hufa njaa huku umewajazia kamba wa barafu.

Huduma yenyewe nzuri. Mvuvi ana leseni, hagusi mbuga ya baharini ya Mombasa, na hukubali samaki alishwe mbele yako. Hilo lisikupite. Asiyekula papo hapo mwache. Mwache pia aliyebonyea juu ya macho, au anayeelea kichwa chini mkia juu. Huyo anayeelea hivyo alipandishwa haraka kutoka kina kirefu, kibofu chake cha hewa kimefura.

Mifuko ina oksijeni ya kutosha, ila foleni ya feri ya Likoni juani huchemsha maji. Nenda na boksi la barafu, bila barafu.

Nyumbani, karantini wiki nne katika tangi tupu, na praziquantel miligramu 2.5 kwa lita kwa ajili ya minyoo ya matamvua. Ukitumia dawa ya shaba ya kuua vimelea, iishie humo humo; ikifika tangi kuu, kamba, konokono na matumbawe kwaheri. Samaki anayesusa chakula mfungulie chaza mbichi, umtegeshe chaza huyo kwenye jiwe na gamba lake, na umtoe chaza baada ya saa mbili kabla hajachafua maji.