Kozi ya mtandaoni ya ubaguzi wa chinichini kwa manesi, nyota 3 kati ya 5

Kazini tumelazimishwa kuifanya hii kozi, masaa mawili hivi na kwizi mwishoni, ukifaulu unapewa cheti. Mimi ni nesi mweusi na wodini kwetu wengi ni wazungu, niliifungua sina hamu nayo kabisa nikijua ni zile slaidi za watu wanachekacheka tu. Ila sehemu ya kwanza imenigusa kweli.

Kuna video nesi mweusi yuko pembeni ya kitanda cha mgonjwa wake, daktari anaingia anampita, anaenda kumuuliza mwanafunzi mzungu eti mgonjwa anaendeleaje. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyepaza sauti, imeisha. Niliisimamisha nikakaa kimya maana hiyo imenitokea mara nyingi mno na kila nikisimulia naambiwa labda hakukuona, sasa hakunionaje na faili nimeshika mimi? Wanaeleza pia kwamba kitu hiki kina jina, maikroagreshoni, alilileta daktari wa magonjwa ya akili Mmarekani mweusi Chester Pierce mwaka 1970, na kwamba kinaumiza kwa kurundikana, kimoja kimoja kinaonekana kidogo. Hapo nilipata nafuu, miaka yote nilidhani mimi ndio mwepesi wa kuumia.

Shida ni sehemu ya pili, pale mgonjwa anaposema "naomba nesi mwingine" na wote mnajua huyo mwingine ni wa rangi gani. Kozi inakwambia vuta pumzi, usiliweke moyoni, mpe mgonjwa muda. Basi. Incharji, yaani nesi msimamizi wa wodi, afanye nini? Hamna kitu. Na hapo incharji ndio kila kitu jamani, kwa sababu anachofanya ni kufuta jina langu ubaoni kimyakimya ili yaishe, mgonjwa kapata alichotaka, mimi nahamishiwa vitanda vya wagonjwa wenye kazi nzito zaidi na kwenye ripoti ya zamu haliandikwi hata neno, wiki ijayo anakuja mwingine anaomba hivyohivyo. Siongelei mgonjwa aliyechanganyikiwa, naongelea mwenye akili zake timamu. Nilitaka kufundishwa maneno yenyewe ya incharji kumwambia mgonjwa, kwamba huyu ndiye nesi wako leo, na tukio linaandikwa wapi na nani analisoma.

Kwizi ndio imeniudhi. Mwenzako akikwambia "kumbe unaongea vizuri hivyo" jibu sahihi eti umuelekeze kwa upole. Nimekuwa mpole miaka yote, na siku nikisema kwa sauti ya kawaida tu naitwa mkali.

Inafunguka vizuri kwenye simu na video zina maandishi chini, hilo sina lawama. Nilipomaliza niliuliza kama maincharji nao wanaifanya, nikajibiwa kwao ni hiari.