Duka la Karatasi na Wino katika Mji wa Kale, Mombasa

Msafiri atokaye Ngome ya Yesu akishika Ndia Kuu, kisha akaingia katika vichochoro vya Mji wa Kale, atalikuta duka dogo la vifaa vya kuandikia ambalo halina hata kibao mlangoni. Ubora wake uko kwenye karatasi. Muuzaji, mzee mpole aliyeniita "mwanangu" kabla hajaniuliza haja yangu, hufungua daftari na kumruhusu mteja ajaribu kwa kalamu yake mwenyewe, jambo la maana sana mjini hapa, kwa kuwa unyevu wa pwani huilainisha karatasi nyepesi na kuufanya wino utawanyike. Ya gramu 80 kwa mita ya mraba ilivujisha wino hadi upande wa pili, ilhali ya gramu 100 ilitulia. Zipo pia kalamu za mwanzi kwa waandikao hati za Kiarabu, zilizochongwa ncha za upana mbalimbali. Bahasha ni za kawaida tu. Bei zimezidi kidogo zile za soko la Marikiti, lakini kwa daftari lililoshonwa kwa uzi, wala si kubanwa kwa pini, nililipa bila kunung'unika. Afadhali kufika asubuhi, kwani adhuhuri mlango hufungwa kwa sala.