Rauta ya nusu inchi kwenye milango ya mkongo: uzoefu wangu

Nina karakana ndogo Magomeni, Mtwara Mjini. Kazi yangu kubwa ni milango ya mninga na mkongo, na oda humiminika korosho zikishaanza kuuzwa, kuanzia Oktoba. Miaka yote gruvu za paneli, yaani mifereji ya kuingizia vibao vya katikati ya mlango, nilizitoa kwa patasi na randa ya mkono. Mwaka jana nikanunua rauta ya mkono, mashine ya umeme ya kuchimba gruvu na kupamba kingo za mbao, ile inayoshuka na kupanda, wati 1,600, koleti (kishikio cha biti) ya nusu inchi. Bei yake ilikaribia malipo ya milango miwili, na sijaijutia.

Ila wiki ya kwanza ilinitia hasara. Biti, yaani kisu kinachozunguka, niliichomeka kijuujuu, nikidhani ikitokeza zaidi itafika chini vizuri. Katikati ya kazi ikaanza kuchomoka, gruvu ikazidi kuzama, na ubao wa mkongo niliousubiri kutoka Masasi ukaishia kuwa kuni. Siku hizi shina la biti nalisukuma mpaka ligote, kisha nalirudisha kama milimita 3, ndipo nakaza kwa spana. Likibaki limegota, koleti haibani sawasawa. Na kabla ya kugusa biti, plagi nachomoa kabisa ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi.

Jambo linalowasumbua vijana wengi ni upande wa kupeleka mashine. Biti, ukiitazama kutoka juu, inazunguka kama mshale wa saa. Kwa hiyo ukingo wa nje wa ubao unaufuata kinyume cha saa: ukisimama na ukingo mbele yako, unakwenda kushoto kuelekea kulia. Ndani ya fremu unageuza, unafuata saa. Ukikosea, biti inapanda juu ya mbao na mashine inakukimbia mikononi, na mashine ya kilo tano inayokimbia si ya kuzuia kwa nguvu. Kijana wangu nilimfanyisha mazoezi kwenye vipande vya mbao laini siku nzima kabla sijamkabidhi mkongo. Pia vichwa vya ubao naanza navyo, pande ndefu baadaye, ili nyuzi zikichanika kwenye kona, upitishaji wa mwisho uzifute.

Gruvu ya milimita 12 siitoi kwa mara moja. Nashusha milimita 3, napitisha, nashusha tena. Mkongo ni mgumu. Ukiulazimisha mota inalia na biti inapata moto. Ukienda polepole mno nao unaungua, unaona alama nyeusi na kusikia harufu yake. Kasi napanga kwa upana wa biti: nyembamba naiacha juu, pana ya milimita 50 naishusha hadi mizunguko 12,000 hivi kwa dakika. Biti zilizokuja na mashine ziliisha makali kwa mlango mmoja tu. Nunua zenye ncha za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kawaida, hata kama ni mbili tu kwa kuanzia.

Kasoro ninayoilalamikia kwa dhati ni kitufe cha kufungia swichi, kinachoiacha mashine ikiwaka bila kushikilia swichi kwa kidole. Umeme ulikatika nikiwa kazini, nikaiweka mashine mezani, nikatoka nje kunywa maji. Uliporudi ikajiwasha yenyewe na kuanza kutembea juu ya meza. Kijana alikuwa amesimama hatua mbili tu. Tangu siku hiyo kitufe hicho sikitumii, na taa ikizimika jambo la kwanza ni kuchomoa plagi. Mtengenezaji angeweka swichi isiyojiwasha ningempa alama zote.

Vumbi lake ni jingi na laini, na la mkongo linawasha pua. Navaa barakoa, miwani na viziba masikio, ubao naubana kwa klampu mbili, na msuli wala shati la mikono mipana haviingii karakana mashine ikiwa inafanya kazi. Glavu pia navua, zisije zikanaswa.

Mlango wa paneli sita uliokuwa ukinila siku mbili, gruvu na urembo wa ukingo sasa namaliza kwa nusu siku. Nakshi za maua, kama za milango ya zamani ya Mikindani, bado nachonga kwa patasi, kwa sababu kona kali ya ndani biti ya mviringo haiifikii.