TAHADHARI: Anayeuza "jenereta ya upepo ya wati 3000" hakuniuliza hata mara moja kama kwangu kuna upepo

Ndugu zangu, naomba msome hili kabla hamjatuma hela kwa mtu yeyote anayewauzia mwongozo au vifaa vya kujitengenezea umeme wa upepo nyumbani. Mimi nimelizwa mara mbili na muuzaji mmoja, na juzi nimeona tangazo lake limerudi kwa jina jipya na picha zilezile. Jina silitaji, maana hadumu nalo. Nitaeleza anavyofanya kazi ili mumtambue hata akija na jina la nne.

Tangazo lenyewe ni video fupi. Mwanamume amesimama kando ya kinu chenye mapanga matatu, nyuma yake nyumba inawaka taa kila dirisha. Anasema kampuni za umeme hazitaki ulijue hili, kwamba kwa vyuma chakavu na siku mbili za kazi utaifuta bili yako yote, na kwamba huhitaji fundi. Chini yake kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: ikifika sifuri, bei inapanda. Nilifunga ukurasa usiku, nikaufungua asubuhi, na saa ikaanza kuhesabu upya palepale ilipoanzia jana. Ilitosha kunishtua, lakini bili ilikuwa imenichosha, na nilitaka sana jambo lile liwe kweli.

Ameweka pia picha ya yule kijana wa Malawi aliyejenga kinu cha upepo kijijini kwao mwaka 2002. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Habari ya kijana yule ni ya kweli na ni ya kujivunia: alitumia fremu ya baiskeli, mapanga ya bomba la plastiki na dainamo ya baiskeli, akawasha taa chache na redio. Taa chache na redio, katika nyumba ambayo haikuwa na umeme kabisa. Muuzaji hasemi hayo. Anaiweka picha ile juu ya maneno "umeme wa nyumba nzima" na kumwachia msomaji ajazie mwenyewe.

Nilinunua kwanza mwongozo. Ni kurasa hamsini na kitu, nyingi zikiwa maelezo ya jumla kuhusu mazingira, na michoro iliyokatwa kutoka sehemu mbalimbali kiasi kwamba vipimo vya mchoro mmoja havikubaliani na vya mchoro unaofuata. Kiini chake ni hiki: chukua oltaneta ya gari (jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri), ifunge mapanga, ipandishe juu ya nguzo, unganisha na betri. Basi.

Nilifanya hivyo. Mapanga yalizunguka vizuri, watoto wakashangilia, nami nikalala nikiwa na furaha. Asubuhi betri ilikuwa imeisha kabisa.

Nilidhani nimekosea kuunga waya. Fundi umeme mmoja mzee ndiye aliyenifungua macho. Oltaneta ya gari haina sumaku ya kudumu ndani yake. Inajitengenezea sumaku kwa kuvuta umeme kidogo kutoka kwenye betri, ampea mbili, tatu hivi, ndipo iweze kuzalisha. Na ili izalishe kuzidi inachokula, inataka kuzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Kwenye gari hilo si tatizo, kwa sababu pulei huifanya izunguke zaidi ya mara mbili ya kasi ya injini. Mapanga ya upepo ya mita moja au mbili, kwenye upepo wa kawaida, huzunguka mara 200 hadi 400 kwa dakika. Kwa hiyo usiku kucha oltaneta yangu haikuwa ikichaji betri, ilikuwa ikiinywa. Inawezekana kuibadilisha, kwa kuisuka upya koili zake (waya zilizozungushwa ndani yake) na kuiwekea sumaku za kudumu, lakini hiyo ni kazi ya fundi, na mwongozo haukuitaja hata kwa mstari mmoja.

Nikamwandikia muuzaji. Alijibu haraka na kwa upole mwingi. Akasema mwongozo ni wa "hatua ya kwanza", na kwamba wateja makini huchukua jenereta yake maalumu yenye sumaku, wati 3000, volti 12. Hakuniuliza ninaishi wapi, juu ya kilima au bondeni. Hakuuliza kama kuna miti mirefu jirani, wala nguzo nitaisimamisha wapi. Neno upepo lilikuwemo kwenye tangazo lake tu, kwenye maswali yake halikuwepo. Nikalipa mara ya pili.

Jenereta ilikuja na mapanga yake, kutoka ncha hadi ncha kama mita 1.2, na kibandiko kinachosema wati 3000 kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde. Sasa nisikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu hesabu hii mnaweza kuifanya wenyewe kabla ya kulipa, na ingeniokoa.

Nguvu iliyomo kwenye upepo hupatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wa hewa (mita moja ya ujazo ina kilo 1.2 hivi), ukazidisha kwa eneo linalofagiwa na mapanga, kisha ukazidisha kwa kasi ya upepo mara tatu, yaani kasi mara kasi mara kasi. Mapanga ya mita 1.2 yanafagia eneo la mita za mraba 1.13. Kwenye upepo wa mita 12 kwa sekunde, ambao ni upepo mkali wa kutikisa matawi makubwa ya miti, hewa yote inayopita hapo ina takriban wati 1,200. Hewa yote. Na hakuna mashine inayoweza kuichukua yote, kwa sababu hewa ikiporwa nguvu yake yote itasimama palepale na kuzuia inayokuja nyuma yake. Mwanafizikia wa Ujerumani, Albert Betz, alionyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba ukomo ni asilimia 59. Kinu kidogo kilichotengenezwa vizuri hupata robo, au theluthi kikibahatika. Kwa hiyo kile kitu, kikiwa kizima na kizuri, kingenipa wati 300 hadi 400 siku ya upepo mkali. Yeye ameniuzia 3000, zaidi ya mara mbili ya nguvu iliyomo kwenye upepo wenyewe.

Kwenye upepo wa mita 4 kwa sekunde, ambao ndio wengi wetu tunao siku nyingi, hali inakuwa mbaya zaidi. Kasi ikipungua kwa nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Kwenye mita 4 hewa ile ina wati 43, na kinu kitakupa wati 11 hivi. Upepo hupanda na kushuka, na vipindi vyake vikali husaidia, basi mahali penye wastani wa mita 4 tegemea kama nusu uniti kwa siku nzima. Friji ya kawaida peke yake hula karibu uniti moja. Pasi na jagi la kuchemshia maji sizitaji kabisa.

Kuna kipimo kingine rahisi zaidi, kisichohitaji hesabu ya upepo. Wati 3000 kwa volti 12 ni ampea 250. Waya wa kubeba ampea 250 unakaribia unene wa kidole gumba. Waya zilizotoka kwenye jenereta ile zilikuwa nyembamba kama za taa ya mezani. Ukiona picha ya bidhaa ya aina hii, acha kutazama kibandiko, tazama waya.

Yule mzee akanishauri nisiipandishe kwanza. Tukaifunga kwenye drili, tukaizungusha mara 300 hivi kwa dakika, tukapima. Volti 6. Betri ya volti 12 haianzi kupokea chochote mpaka jenereta ipite volti za betri yenyewe, kwa hiyo chini ya hapo mapanga yatazunguka siku nzima na hakuna hata ampea moja itakayoingia. Ilibidi tupite mizunguko 600 ndipo sindano ya kipimo cha ampea ilipotikisika, na kwa mapanga yale hiyo ni kasi ambayo upepo wangu huifikia kwa nadra. Tulipoifungua ndani tulikuta sumaku ndogo na koili za waya mwembamba. Ni jenereta ya wati mia moja hivi iliyovalishwa kibandiko.

Hasara ya hela ningeinyamazia. Kinachonifanya niandike ni hatari. Mwongozo ule una picha ya betri iliyowekwa ndani ya chumba cha kulala, bila fyuzi. Betri ya asidi ikichajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche moja kwenye chumba kilichofungwa inatosha kulipua. Na waya za betri zikigusana bila fyuzi katikati, volti 12 hizo ambazo watu husema haziui mtu zinaweza kuuyeyusha waya na kuwasha moto ukutani. Mwongozo unasema pia kwamba betri ikijaa, uchomoe waya. Jamani, msifanye hivyo! Kinu cha upepo si paneli ya sola. Paneli ukiichomoa inatulia tu, lakini kinu kinachozunguka kikikosa mzigo, yaani kitu cha kupokea umeme wake, kinaachiwa huru: kasi inapanda, volti zinapanda, na kwenye upepo mkali mapanga yanaweza kupasuka. Ncha ya panga kwenye upepo wa mita 12 huenda kasi ya kilomita 250 kwa saa, na kinu kilichokosa mzigo huenda zaidi ya hapo. Kipande cha bomba la plastiki lililochoshwa na jua, kikiruka kwa kasi hiyo kwenye uwanja wenye watoto, sitaki hata kufikiria. Ndiyo maana wanaojua huweka kidhibiti chenye mzigo wa ziada wa kumwaga umeme betri ikijaa, swichi ya breki inayounganisha nyaya tatu za jenereta pamoja, na mkia unaokigeuza kinu pembeni upepo ukizidi. Katika kurasa hamsini na kitu, vitu hivyo vitatu havimo.

Anashauri pia kukifunga kwenye paa. Paa ni mahali pabaya: upepo hugonga ukuta na kufika juu ukiwa umevurugika, na mtetemo unashuka kwenye kenchi za nyumba. Uingereza walipima turbini za juu ya majengo mwaka 2007 na 2008, na baadhi zilionekana kula umeme mwingi kupitia inveta zake (vifaa vinavyogeuza umeme uwe wa kutumika nyumbani) kuliko zilivyozalisha. Wajenzi wazoefu husema kinu kipite kwa mita 9 kitu chochote kilicho ndani ya mita 150 kukizunguka, nyumba, mti, tangi la maji. Muuzaji mkweli angeanza na swali hilo.

Naomba mnielewe, kinu cha kujitengenezea si uongo. Wapo watu wanaochonga mapanga ya mbao kwa mkono, wanasuka koili wenyewe, wanapanga sumaku kwenye diski mbili za chuma, na kinafanya kazi miaka. Lakini wanaotaka umeme wa maana huchagua kipenyo kikubwa kuliko kile nilichouziwa, kwa sababu kipenyo kikiwa mara mbili eneo linakuwa mara nne, na wanakaa mahali penye upepo. Mwaka 1888 huko Cleveland, Marekani, Charles Brush alijenga kinu cha kipenyo cha mita 17 kwa ajili ya nyumba yake, na kilitoa kama wati 12,000. Kilikuwa kizito na cha kienyeji ukilinganisha na vya leo, lakini ukubwa huo uwape picha mtu anapowaambia wati 3000 zinatoka kwenye kitu unachoweza kukibeba kwapani.

Kuhusu kurudishiwa fedha: tangazo linaahidi siku 60. Niliandika siku ya 41. Kwanza akataka video inayonionyesha nikifuata kila hatua. Nikatuma. Akasema nimefunga vibaya. Nikatuma vipimo vya drili. Akasema jenereta yake "haipimwi kwa drili". Ilipopita siku ya 60 akanifungia mawasiliano. Sasa naona kuzungushana kule ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Kwa hiyo kama umeshalipa, usikae kumjibu maswali yake. Kama ulilipa kwa kadi, nenda benki leo hii ukapinge malipo, maana nao wana muda wao wa mwisho, na mimi ulinipita nikiwa bado nabishana naye.

Na kama kifaa kimeshafika, usikipandishe. Kipime mezani kwa drili na kipima umeme, kipime kipenyo kwa futi kamba, andika namba. Ukikifungua angalia vidole, sumaku zile zikivutana zinabana vibaya.

Picha ya kibandiko, picha za ndani na mazungumzo yetu yote ninayo. Aliyetumiwa kitu kinachofanana aniandikie nimtumie alinganishe.