Mtandaoni Ipo, Dukani Imeshauzwa: Uzoefu Wangu na Duka Moja la Vifaa vya Umeme

Duka hili lilikwisha kunihudumia vizuri hapo nyuma, nilipoagiza pasi kwa simu na jioni yake bodaboda akawa getini kwangu Mbezi, ndiyo maana sikusita nilipohitaji mashine ya kufulia. Tovuti yao ilionyesha kwamba ipo katika duka la Kariakoo. Nikalipa fedha zote kwa M-Pesa, na muda mfupi baadaye nikapata ujumbe kwamba nifike kuichukua.

Muuzaji wa kaunta aliutupia jicho ujumbe wangu, akanirudishia simu na kusema, "Hiyo ni ya mtandaoni, kaka, sisi hatuhusiki." Hawahusiki vipi, ilhali jina lililo kwenye fulana yake ndilo lililopokea fedha zangu? Nilipong'ang'ania, alinifungulia daftari la mauzo: mashine ya mwisho ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya buluu asubuhi ileile, kabla sijalipa, na mnunuzi wake alikwisha kuondoka na risiti ya EFD. Kumbe mauzo ya kaunta huingizwa kwenye mfumo jioni, wakati wa kufunga hesabu, na mchana kutwa tovuti inaendelea kuuza mzigo uliokwisha.

Sipingi duka kuuza kaunta, mtandaoni na kwa WhatsApp kutoka stoo moja, kwani hata Target, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, hutimiza oda zake nyingi za mtandaoni kutoka madukani. Lakini jambo hilo haliendeshwi kwa daftari. Ikiwa kuunganisha mifumo ni gharama kubwa, basi waiondoe bidhaa mtandaoni inapobaki moja au mbili, au wampigie mtu wa kaunta aiweke kando kabla ya kumwita mteja. Simu moja tu!

Haki isemwe: kijana wa ghala lao la Barabara ya Nyerere alinitafutia mashine nyingine, akaifikisha nyumbani bila kunitoza nauli, akasubiri hadi nilipoiwasha. Kwa ajili yake nilitaka kutoa nyota tatu. Ila kila nikimkumbuka meneja, ambaye badala ya kunipa pole aliniuliza kwa nini sikupiga simu kwanza kuhakikisha kama mzigo upo, yaani kazi ya stoo yake niifanye mimi niliyekwisha kulipa, nyota zinapungua. Natoa moja, nayo ni ya yule kijana.